Tuiache Mishubiri Ilale



Kiangazi kinapoingia katika bonde la Ruzizi, mnamo mwezi wa Juni, mishubiri iliyopandwa kuzunguka makanisa na shule zetu hubadilika sura. Majani yaliyokuwa manene na ya kijani husinyaa, hugeuka rangi yakawa mekundu au ya kahawia, kisha hujikunja kuelekea ndani hata mmea wote ukafanana na ngumi iliyofumbwa. Hapo ndipo watu wawili huukosea. Wa kwanza, kijana mwenye huruma, huchota maji bidoni nzima na kuumwagia kila jioni, akidhani una kiu. Wa pili, mpenda usafi, huung'oa na kuutupa shimoni pamoja na takataka, akidhani umekwisha kufa. Mmoja anauua kwa maji, mwingine kwa jembe, na wote wawili hurudi nyumbani wakiwa na dhamiri safi.

Ninaandika kuutetea mmea huo, pamoja na vilima ambako siku hizi unachimbwa. Maoni yangu ni kwamba mmea uliolala hutaka kuachwa, na mmea adimu hutaka kuachwa mahali pake. Naona mambo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kutoujua mmea kabla ya kuupenda.

Tuanze na jina. Hapa kwetu kila mshubiri huitwa "aloe vera", kwa sababu ndilo jina lililoandikwa kwenye chupa za sabuni na mafuta ya nywele. Hiyo ni sawa na kumwita kila ndege kuku. Jenasi ya Aloe ina spishi zaidi ya 500, zilizotawanyika Afrika, Madagaska na Bara Arabu. Ile Aloe vera ya viwandani ni moja tu kati ya hizo, na asili yake ni Bara Arabu. Nyingine huota katika nchi nyingi. Kwa mfano Aloe dawei, yenye maua mekundu, hupatikana Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo yetu. Nyingine zina makao madogo mno: Aloe pembana ni ya kisiwa cha Pemba, na jina lake limetoka huko. Mmea wa namna hiyo ukitoweka katika makao yake, hauna mahali pengine pa kurudia.

Karibu zote zina umbo moja la kupendeza. Majani hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, kama ua la waridi lililofunuka, nalo umbo hilo lina kazi. Kila jani limechimbika katikati kama mfereji, hivyo hata mvua ndogo ikinyesha, matone huteremka kuelekea moyo wa mmea na kufika mizizini. Jua linapokuwa kali, waridi hilo hujifumba, majani ya nje yakayafunika ya ndani kwa kivuli. Kwa hiyo kile ambacho kijana wetu mwenye huruma anakiona kuwa ni dalili ya mauti ni mlango ambao mmea umeufunga kwa makusudi.

Nilipokuwa nikisomea ualimu, somo lililonishangaza kuliko mengine yote ya mimea lilikuwa hili. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana, ikavuta hewa ya kaboni dioksidi, na kwa vitundu hivyohivyo ikapoteza maji. Mshubiri hufanya kinyume. Hufunga vitundu vyake mchana kutwa, kisha hufungua usiku, jua likiisha kuchwa. Hewa iliyovutwa usiku huwekwa akiba ndani ya jani ikiwa katika hali ya asidi, ileile inayolipa tofaa uchachu wake. Kunapokucha, vitundu vikiwa vimefungwa, mmea huitoa akiba hiyo na kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alionja majani ya mmea wa jamii ya Kalanchoe, ule ambao jani lake likianguka chini huotesha watoto pembezoni. Aliona kwamba asubuhi majani ni machachu, na kufikia mchana karibu hayana ladha. Barua yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1815. (Msimwige. Mmea ule una sumu inayoweza kumwangusha ng'ombe.) Ulimi wake ulikuwa umegundua jambo ambalo wenye maabara walikuja kulieleza baadaye sana.

Kiangazi kikizidi, mmea wa namna hii huacha kufungua vitundu hata usiku. Huishi kwa hewa ileile iliyomo ndani yake, ukiizungusha na kuitumia tena, bila kukua na bila kupoteza kitu. Vijizizi vyembamba vya kunyonya maji hukauka, kwa sababu katika udongo mkavu havina kazi. Hebu fikirini sasa: mmea ulio katika hali hiyo unamiminiwa bidoni nzima. Hauna kinywa cha kuyanywa. Maji hutuama kando ya shina, udongo ukapata joto kama chungu kilichotengwa mekoni, na ukungu ukaanza kazi yake. Baada ya siku kadhaa majani ya chini hulainika, hugeuka rangi ya chai, na ukiyavuta hutoka yenyewe yakiwa na harufu mbaya. Hapo yule aliyeumwagia husema, "Bwana, nilichelewa kuumwagilia," akaongeza maji.

Watu wa bonde hili hawahitaji kitabu ili kuamini kwamba mshubiri hustahimili. Ni nyumba ngapi hapa Sange zimewahi kufungwa kwa haraka, watu wakakimbilia Uvira, Burundi au milimani? Waliorudi baada ya miezi walikuta kuku hawapo, mihogo imeng'olewa, mabati yamechukuliwa. Na kando ya mlango mshubiri umesimama, umekunja majani, ungali hai. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikata jani la mshubiri wake siku ileile aliyorudi, akampaka mtoto aliyeungua mguu. Tangu aondoke, hakuna mtu aliyekuwa ameunywesha.

Sasa niseme juu ya picha zilizojaa katika simu zenu. Wengi mmenionyesha mimea midogo iliyofumba kama waridi halisi, petali juu ya petali, ya rangi ya kijani na zambarau, nanyi mmeniuliza tunaweza kuipata wapi ili kupamba uwanja wa kanisa. Mingi kati ya hiyo ni ya Visiwa vya Kanari, vilivyo chini ya Hispania, karibu na pwani ya Moroko. Ni jenasi ya Aeonium, na miongoni mwake zimo spishi nne ambazo zamani ziliitwa Greenovia. Hizo ndizo hujifumba kabisa wakati wa kiangazi cha kwao, zikawa kama chipukizi la waridi ambalo bado halijachanua. Moja yake, Aeonium dodrantale, huota Tenerife peke yake. Huko mvua hunyesha majira ya baridi, nayo mimea hukua wakati huo. Joto likifika, hulala miambani hadi mvua irudi. Mashina mengi ya namna hiyo huchanua mara moja tu, kisha hufa, yakiacha watoto ubavuni au mbegu.

Tena wana ndugu upande wetu wa Afrika. Aeonium leucoblepharum huota katika milima ya Ethiopia hadi Uganda, na ng'ambo ya bahari, Yemen. Kati ya Kanari na milima hiyo limelala jangwa lote la Sahara, nalo ni jambo la kuwafikirisha wanafunzi wa jiografia.

Ukisoma maelekezo ya kutunza maua hayo, utaambiwa usiyamwagilie Julai na uyamwagilie Januari. Kwa bahati, miezi hiyo yaelekea kulingana na kiangazi na mvua zetu, na kijana asiye mwangalifu atadhani maelekezo yameandikwa kwa ajili ya Sange. La hasha. Kwao Januari ni mwezi wa ubaridi na unyevu. Kwetu Januari ni mvua pamoja na joto, usiku na mchana. Waridi la Kanari litakapokuwa linataka kuamka, joto la bondeni litaliambia lilale. Mmea ulionaswa kati ya amri mbili haukui wala haupumziki, nao huoza. Huko Bukavu, mji uliokaa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, labda mtu mwenye subira angefaulu. Hapa bondeni, kwa maoni yangu, tusilitamani. Tunao mshubiri, ambao jua hili ni lake.

Kutamani kunakovuka mipaka ya mahali kumeleta hasara kubwa kwingineko. Jimbo la California, Marekani, lina mimea iitwayo Dudleya, yenye umbo la waridi na rangi ya kijivu kama iliyonyunyiziwa unga. Huota kwenye magenge ya pwani. Kuanzia mwaka 2017 hivi, walinzi waligundua kwamba watu walikuwa wakiibandua kwa maelfu na kuisafirisha hadi Asia ya Mashariki, ambako ilikuwa imegeuka pambo la madirishani. Mwaka 2021 jimbo hilo lilitunga sheria mahsusi ya kukataza wizi huo. Nchini Afrika Kusini, katika nyika kame za magharibi, mimea midogo ya jenasi ya Conophytum imeng'olewa kwa mamia ya maelfu, kwa ajili ya wateja walioiona katika picha. Wang'oaji wengi walikuwa vijana wa vijiji vya jirani waliolipwa kidogo; faida ilikwenda mbali.

Ndipo nafika kwenye vilima vyetu. Nimewaona vijana, baadhi yao wa vikundi vyetu vya Kiro na Xaveri, wakishuka kutoka miinuko ya magharibi wakiwa na mifuko ya mishubiri iliyong'olewa na mizizi yake. Huipanga kando ya barabara ya Uvira na Bukavu ili wenye magari wanunue. Mnunuzi huchagua mkubwa, hasa wenye ua. Huupeleka kwenye bustani yenye udongo mzito na mvua nyingi kuliko hapa, akaupanda katika shimo lenye mbolea, akaumwagilia. Mizizi yake mikuu imekatika, majeraha hayajakauka. Mingi haifiki mwaka mmoja. Mwaka unaofuata mnunuzi yuleyule husimamisha gari akanunua mwingine, nanyi mkapanda tena kilimani. Mnaiita biashara, mimi naona kilima kinalipa mara mbili kwa ua ambalo hakuna mtu anayelifaidi.

Nawasikia mkisema: "Mwalimu, kilima hakina mwenyewe, lakini karo ya shule ina mwenyewe." Hoja hiyo ina uzito, wala sitaijibu kwa mahubiri. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Mishubiri mingi haiwezi kujizalisha kwa chavua yake yenyewe. Mmea mmoja hutaka chavua ya mmea mwingine usio mtoto wala pacha wake, na mleta chavua ni ndege chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayeruka kutoka ua hadi ua akitafuta asali. Mmewahi kujiuliza kwa nini mshubiri ulio peke yake kwenye uwanja wa kanisa huchanua mwaka hata mwaka bila kutoa mbegu? Mwenzake hayupo. Kilima kilichobakiwa na mmea mmoja huku na mwingine kule, mbali kwa mbali, kinaonekana bado kina mishubiri, ilhali uzazi wake umekwisha kukatika. Mtakuja kukitambua hivyo mkiwa wazee kama mimi, mimea ya leo itakapokufa na nafasi yake kubaki mawe.

Zaidi ya hayo, iko sheria. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, uitwao CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unasimamia jenasi nzima ya Aloe isipokuwa Aloe vera peke yake. Nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976. Maana yake ni kwamba mshubiri wa porini hauvuki mpaka bila kibali, nasi hapa tunaishi hatua chache kutoka Burundi. Kijana anayembebea mfanyabiashara mfuko hadi ng'ambo ya Ruzizi hajui amebeba nini, na akikamatwa, mfanyabiashara hatakuwepo.

Badala ya kuchimba, napendekeza kila kikundi kianzishe kitalu kidogo. Hakihitaji fedha. Mshubiri ulioshiba ardhi huzaa vichipukizi kandokando yake kama mgomba. Kichipukizi kikifikia urefu wa kiganja na kuwa na mizizi yake, hutenganishwa kwa kisu kikali. Kisipandwe siku hiyohiyo. Kiwekwe kivulini siku tano hadi saba, jeraha lifunge na kuwa kavu kama gamba, ndipo kipandwe. Kopo la maziwa ya unga latosha, likitobolewa matundu manne au matano chini. Ndani yake tieni mchanga wa mto wenye chembe kubwa na kokoto ndogo, sehemu mbili, na udongo wa shambani sehemu moja. Mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri iwe konzi moja, isizidi. Mshubiri uliolishwa sana hunenepa majani laini ambayo kiangazi huyaangamiza.

Zile spishi zisizozaa vichipukizi huoteshwa kwa mbegu. Hapa ndipo mwaweza kupanda kilimani bila kosa: chukueni mbegu chache kutoka mimea kadhaa, muache nyingi zaidi zipeperushwe na upepo, kwa sababu ni nyepesi na zina mbawa. Zitandazeni juu ya mchanga wenye unyevu, mzifunike kwa mchanga kidogo tu. Baada ya majuma machache mtaona miche midogo kama ncha za sindano. Itachukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Najua muda huo unawachosha hata kuusoma, lakini mnunuzi aliyeuziwa mmea uliolelewa koponi, wenye mizizi mizima, hatakuwa na haja ya kuja kulalamika, tena atawaelekeza wengine kwenu. Na mwenye gari akiuliza mmea umetoka wapi, mtamjibu bila kutazama pembeni.

Kuhusu kiangazi, kanuni ni fupi. Mshubiri uliopandwa ardhini, uliokwisha kupita mvua mbili, msiumwagilie kabisa kuanzia Juni. Ulio koponi upewe nusu ya kikombe kila baada ya majuma mawili au matatu, jioni, kwenye udongo, kamwe si katikati ya majani. Miche ya chini ya mwaka mmoja bado haijajifunza kulala. Hiyo ipate maji kidogo kila juma na kivuli cha makuti mchana. Msidanganywe na ua. Mishubiri mingine huchanua kiangazi kwa akiba ya majani yake, na bua hilo refu jekundu si ombi la maji.

Mkitaka kujua kama mmea ungali hai, msiangalie majani ya nje. Yatakauka, na kukauka kwake hulinda shina. Bonyezeni polepole yale madogo ya katikati. Yakiwa magumu, mmea umelala. Yakiwa laini na yakitoa maji, ung'oeni, mkate sehemu yote iliyooza hadi mfikie nyama nyeupe isiyo na doa, mkiweke kipande kizima kivulini hata jeraha likauke, kisha mkipande katika mchanga mkavu bila maji mpaka kitoe mizizi. Huchukua mwezi na zaidi. Wengine hupona.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mnamo Septemba au Oktoba, msikimbilie kuongeza maji yenu juu yake. Iacheni mimea ipate mvua mbili au tatu na siku kavu kati yake, mpaka majani ya katikati yaanze kufunuka. Kuanzia hapo ile iliyo makoponi mwaweza kuimwagilia kila juma mvua isiponyesha, na huo ndio wakati wa kutenganisha vichipukizi. Kisu kinolewe siku moja kabla, na kifutwe kwa majivu.